Amri ya Kumi Ilikosa Nafasi

Jumatatu, 4 Agosti

Wameamua kuua ukuta! Na mimi sikuitwa kikaoni. Nimeisikia habari jana kanisani kama mgeni wa kupita, kwenye matangazo, kati ya mwavuli uliopotea na mazoezi ya kwaya. Mchungaji alisema, kwa ile sauti yake laini ya kijana aliyelelewa vizuri, kwamba ukuta wa mbele wenye Amri Kumi utapakwa rangi nyeupe, kisha litatundikwa bango jipya la plastiki lenye mawingu na njiwa. Kazi ya bango kapewa Mashine.

Mashine! Tulikaa naye benchi moja shule ya Jumapili. Siku hizi ana duka la kuchapa mabango, na jina alilopewa na mama yake hakuna anayelikumbuka. Mimi ni mchora mabango wa mkono, miaka thelathini na tisa ya brashi. Tangu alete ile mashine yake nimebaki kuandika MBWA MKALI kwenye mageti ya watu, na mbwa wenyewe wapole.

Lakini hilo si neno. Neno ni hili: ukuta ule aliuandika Baba.

Nilikuwa na miaka saba. Baba juu ya ngazi, mimi chini nimeshika kopo la rangi nyekundu. Siku nne mfululizo. Harufu ya tapentaini ikinipitia puani hata leo, nasimama popote nilipo. Amri ya kwanza aliiandika kwa herufi kubwa, za kusomeka hadi barabarani. Ya pili vilevile. Alikuwa na raha zake, anapiga mluzi. Alipofika ya sita mluzi ukakoma. Ya saba akashuka, akarudi nyuma hatua kumi, akautazama ukuta uliobaki, akajikuna kichwa. Hakupima! Fundi mzima, hakupima! Ya nane ikapungua. Ya tisa ikapungua tena. Na amri ya kumi, ile ya kutotamani mali ya mwenzio, ikabanwa kando ya fremu ya mlango kwa herufi za kukodolea macho. Wazee walipomuuliza, Baba alijibu bila kupepesa kwamba anayetaka habari za tamaa na asogee karibu.

Basi tukakua hivyo. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo ndefu. Akigusa amri, tunaisoma. Kubwa tulizipigia kelele, ndogo tulizisema polepole, na ya kumi tuliinong'ona. Hakuna aliyetufundisha. Hadi leo kanisa zima, watu wenye mvi zao, wakifika ya kumi wananong'ona. Mchungaji huyu mpya alidhani tunaona haya. Wapi! Kila mtoto aliyelelewa pale aliamini kwamba ukubwa wa herufi ndio ukubwa wa dhambi. Mimi nimetamani vitu vya watu maisha yangu yote kwa amani kabisa.

Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye katika nyumba ya wazazi wetu, ana ushauri mwepesi. Eti niende kwa wazee niseme tu kwamba namkumbuka Baba, na ule ndio mwandiko wake pekee uliobaki duniani. Nikamwambia mwanamume wa miaka hamsini na saba hasimami mbele ya wazee kusema anamkumbuka baba yake. Akaguna. Anaguna vibaya sana, dada huyu.

Rangi itapakwa Jumamosi. Ninao muda. Na nitatumia njia safi tu, maana ni mambo ya kanisa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda dukani kwa Mashine kama rafiki. Nilipoingia alifunika karatasi fulani kwa gazeti, haraka haraka. Bila shaka michoro aliyoniibia mimi. Nimeiweka moyoni.

Hila yangu ilikuwa safi. Nilimnong'oneza kwamba wazee wanataka herufi kubwa mno, mabibi wa benchi la nyuma waone. Mimi najua yanayompata mtu anayeanza na herufi kubwa! Nikakaa nikisubiri amri ya kumi idondoke nje ya bango.

Akabonyeza mara moja. Zote kumi zikajipanga, sawasawa, na nafasi ya njiwa mmoja zaidi ikabaki. Mara moja! Baba yangu alihangaika siku nne, akashuka ngazi mgongo umemkakamaa, Mama akamkanda kwa maji ya moto. Huyu kidole kimoja.

Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nimekunywa vikombe viwili kwa uchungu. Mashine yenyewe ina joto zuri, inanguruma taratibu. Alipogeuka nikaipapasa kidogo ubavuni. Nimeitamani, sikatai. Lakini hiyo ni ile ya mlangoni, ndogo.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi!

Mwenyekiti wa wazee ni fundi saa. Nimemkuta kibandani mwake, kioo kimebana jichoni, saa ya mtu imefumuliwa mezani. Nikamwambia kwa huzuni kubwa kwamba nimeukagua ule ukuta kama mtaalamu. Plasta imenyonya maji. Ikipakwa rangi sasa itabanduka yote ndani ya miezi miwili, tena mapande, tena juu ya sauti ya kwanza ya kwaya. Heri waache mpaka mwakani ikauke. Neno "kitaalamu" nimelitumia mara nne.

Ukuta ni mkavu kabisa. Baba alikuwa hapaki rangi penye unyevu.

Mzee akataka kujua kama naweza kuapa. Nikamjibu mimi siapi, amri inakataza kulitaja jina bure. Akavutiwa sana na uchaji wangu, akatoa kile kioo jichoni ili anitazame vizuri. Akayaandika maneno yangu yote kwenye daftari.

Njia haikuwa safi sana, nakubali. Lakini nimewaza hivi: amri zikigongana, mtu afuate iliyoandikwa kubwa zaidi. Waheshimu baba na mama ni ya tano. Usiseme uongo ni ya tisa. Nimekwenda kanisani na futi nikapima. Ya tano inaizidi ya tisa mara tatu na nusu. Basi nimelala usingizi wa mtoto baada ya chakula cha mchana.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimejipalia makaa!

Ibada fupi ya jioni. Mchungaji akasimama na karatasi. Akasema kutokana na ripoti ya kitaalamu ya ndugu yetu mpendwa, ukuta si wa kupakwa rangi tena. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Akaendelea. Ni wa hatari. Plasta yote itabomolewa mpaka kwenye tofali, ipigwe upya. Mwashi ameshapatikana, vifaa vyake atavileta kesho, atakuwa anavihifadhi stoo. Ataanza Jumatatu.

Kisha akaniomba nisimame, wanipigie makofi. Wakapiga! Wanakwaya wa sauti ya kwanza walipiga kwa nguvu kuliko wote, mmoja alifuta machozi. Nikasimama natabasamu. Dada alikuwa ananitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Hakupiga makofi.

Rangi ingefunika tu. Chini ya rangi Baba angekuwepo bado, amelala. Sasa nimemletea nyundo.

Ningeweza kusema palepale kwamba nilidanganya. Nilifungua mdomo kabisa. Ikatoka amina.

Jumamosi, 9 Agosti

Bila nyundo hakuna kubomoa. Ni jambo la wazi, sijui kwa nini halikunijia mapema.

Dada ndiye anayefua vitambaa vya madhabahu, kwa hiyo ana ufunguo wa stoo. Mchana akasinzia kwenye kiti. Nikautoa ufunguo mfukoni mwa aproni yake, roho juu. Stoo nikakuta nyundo kubwa moja na tindo mbili za kuchimbia ukuta. Nikavifunga ndani ya joho la kwaya, nikatoka kupitia ndani ya kanisa kwa mwendo wa mtu anayesali.

Sasa, njia hiyo inapita chini ya amri ya nane. USIIBE. Nikasimama.

B ile niliijaza mimi. Baba alichora ukingo, akaniinua kwa mkono mmoja, akanipa brashi, akasema nijaze ndani, taratibu, nisivuke mstari. Nilivuka. Tumbo la chini la B likatoka nje, mpaka leo ni B yenye kitambi. Nikalia nikidhani nimeharibu nyumba ya Mungu. Baba hakufuta. Alisema mwizi akiiona B iliyoshiba namna hiyo atajua wasioiba nao wanakula. Nilicheka mpaka nikamwaga rangi kwenye kiatu chake. Hiyo ndiyo herufi yangu ya kwanza duniani, na miaka yote nikiingia kanisani macho yanakwenda pale kwanza, halafu ndipo nasali.

Nilikuwa nimesimama hivyo, machozi yananilenga, nyundo kwapani, kwaya ikaingia kwa mazoezi. Wakafurahi kuniona. Wanaume walikuwa wawili tu, wakanivuta sauti ya nne. Nimeimba nyimbo tatu na nyundo kwapani! Kwenye ubeti wa mwisho ikateleza, ikaniangukia kidole gumba cha mguu. Nilitoa mlio ambao sijapata kuutoa. Mwalimu wa kwaya akafumba macho akasema ndivyo watu walivyokuwa wakiimba zamani, kutoka moyoni.

Vifaa vyote viko kwenye debe la unga jikoni. Ya tano ni kubwa kuliko ya nane pia. Kidole kimevimba.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya mapumziko, na sikupumzika hata chembe.

Imetangazwa kwamba nyundo na tindo za mwashi zimeibwa. Kanisani! Minong'ono ikazagaa. Mama mmoja akakumbuka kwamba Mashine alikuja wiki hii kupima ukuta, akawa anazungukazunguka mlango wa stoo. Mzee Fundi Saa akanigeukia mimi, mtu nisiyeapa, mtu wa ripoti. Akauliza kama na mimi nilimwona Mashine.

Nikasema namwona.

Na kweli nilikuwa namwona! Alikuwa amekaa mbele yangu, benchi la pili.

Watu wakaguna. Mashine alinigeukia mara moja tu, halafu akaanza kutazama viganja vyake. Tulipokuwa watoto alikuwa akitazama viganja vyake vivyo hivyo mwalimu akimwita asome, maana wenzake tulijua kusoma, yeye hakujua. Sijui kwa nini hilo limenijia leo.

Tukasoma amri. Ya kumi tukanong'ona. Mashine hakusoma yoyote.

Mwashi anasema ataazima vifaa kwa mwenzake, lakini vitapatikana juma lijalo. Kazi imesogezwa hadi Jumatatu ya tarehe kumi na nane. Nimejishindia wiki nzima. Mbona sina raha?

Jumatatu, 11 Agosti

Mashine amekuja nyumbani. Nilimwona dirishani, ana bahasha kubwa. Nikajua ni mashtaka. Nikajilaza kwenye kochi, nikajifunika khanga ya Dada. Dada akamkaribisha ndani, akanifunua.

Hakuja kwa ajili ya nyundo. Amesema anataka nione kitu kabla watu hawajamaliza kumsema. Akamwaga bahasha mezani. Picha. Picha za ukuta! Kila herufi ya Baba, moja moja, imepigwa kwa karibu. Ndizo alizofunika kwa gazeti siku ile. Kumbe amekaa wiki mbili anazikata kwenye mashine yake herufi kwa herufi, ili bango liwe na mwandiko wa Baba, si mwandiko wa kompyuta. Na ya kumi ameiacha ndogo, pembeni, palepale. Hata B yangu ipo na kitambi chake. Zile sawasawa nilizoziona siku ile zilikuwa za kunipoteza mimi tu, alitaka nishtuke siku ya kulitundika. Mimi na Dada.

Akasema alijifunza kusoma kwenye ukuta ule. Baba alipokuwa anashuka kula, alimbeba yeye mabegani, akamsogeza karibu, akamwambia hii ni U, ifuatishe kwa kidole, rangi imeshakauka. Baba yake mwenyewe alikuwa haonekani nyumbani.

Nimekumbuka! Nimekumbuka yale mabega. Nilikaa chini na kopo langu nikiyatazama, nimenuna, maana yalikuwa mabega yangu. Miaka hamsini simpendi Mashine, na siku hizi nilikuwa nasema ni kwa sababu ya mashine.

Kisha akauliza kwa upole kama ni kweli nilimwona stooni. Nikamwambia chai inapoa. Akainywa, akaaga, akaondoka.

Dada akaenda jikoni. Akarudi na nyundo imejaa unga, akaiweka mezani kati ya vikombe. Nilitegemea kelele. Hakupiga. Aliifuta unga kwa aproni taratibu, akasema Jumapili. Basi, neno hilo moja tu, akaanza kuosha vikombe.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefikiria kuugua. Nimejaribu asubuhi hii, nimetetemeka vizuri sana. Dada amenipima joto mara mbili, akanipa fagio.

Nimefikiria pia kuvirudisha vile vifaa kimyakimya, vionekane vimerudi kwa maombi. Watu wangefurahi, imani ingeongezeka. Nilifika mpaka ngazi za kanisa. Mwashi alikuwa amekaa pale anakula mkate. Akaniomba radhi kwamba kazi yangu imecheleweshwa. Kazi yangu! Akanisifia Baba. Anasema marehemu mama yake alikuwa akimpeleka pale akiwa mdogo, na kila alipoiba sukari alipita mlango wa pembeni asikutane na ile B. Nikarudi nyumbani na mfuko wangu.

Usiku sili, mchana sili. Dada anakula sehemu yangu bila huruma.

Jumapili, 17 Agosti

Nimesema.

Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, nilikaa. Dada akanifinya. Nikasimama. Nikaenda mbele nikichechemea, nikageukia ukuta badala ya watu, maana watu nisingeweza. Nikasema plasta haina unyevu. Nilidanganya. Nikasema nyundo na tindo ninazo mimi, ziko kwenye mfuko chini ya benchi, na unga haujatoka wote. Nikasema Mashine hakuiba kitu, mimi nilimsingizia mbele ya Mungu kwa ujanja wa maneno. Nikaeleza na habari ya futi, jinsi ya tano ilivyoizidi ya tisa mara tatu na nusu. Mchungaji akaziba mdomo kwa kitabu. Nadhani alikuwa anacheka, nimemsamehe.

Halafu nikasema namkumbuka Baba.

Maneno mawili tu! Yamenichukua wiki mbili, uongo, wizi na ukucha mmoja wa mguu. Nikasema nikiitazama ile B nasikia mkono wake umenishika hapa, chini ya kwapa, na pakibomolewa sijui nitausikia wapi. Nimelia kama mtoto, mwanamume wa miaka hamsini na saba, mbele ya wazee wote, na hakuna aliyekufa.

Mara Mashine akasimama. Nikajua ananimaliza. Akasema na yeye ana dhambi, ya amri ya kumi, ameibeba tangu utotoni. Alimtamani baba yangu awe wake. Kila siku ya zile siku nne aliomba nipotee njiani nikienda kanisani, abaki na Baba peke yake. Na hakunong'ona. Aliisema kwa sauti ya amri ya kwanza, mpaka waliokuwa nje wakachungulia.

Nikamfuata. Tumekumbatiana pale mbele, ananuka wino, mimi nanuka unga. Nilimwomba msamaha sikioni. Akasema ameshasahau, ambayo ni uongo, lakini ni wa hisani.

Basi hapo ndipo mambo yakafumuka! Mama wa minong'ono akasimama kukiri uchongezi. Mwalimu wa kwaya akakiri kwamba huwa anaimba bila kusali. Mzee mmoja akatuma mtoto alete msumeno alioazima kwetu kabla sijaoa, na mimi ni mjane sasa. Mwashi, ambaye alikuja kuangalia ukuta tu, akakiri sukari. Ibada imeanza saa tatu, imekwisha saa nane. Kila aliyesimama aliutazama ukuta kwanza, akatafuta amri yake, ndipo akasema.

Mwisho Mzee Fundi Saa akapanda mbele. Akasema yeye kazi yake ni saa. Saa inayotembea haitupi, hata iwe mbaya namna gani, hata namba zake ziwe zimepishana ukubwa. Ukuta huu leo ameuona unatembea. Kwa hiyo hakuna nyundo wala rangi. Bango la Mashine litatundikwa nje, getini. Lakini ukuta utabaki mradi watu wanatubu mbele yake. Ukirudi kuwa pambo la kutazamwa tu, Jumapili kavukavu mfululizo, yeye mwenyewe atashika brashi na chokaa. Wazee wote wakaitikia.

Dada alinishika mkono njia nzima ya kurudi. Mara ya mwisho kunishika hivyo ilikuwa siku ya kumzika Baba.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka mwepesi! Mtu mpya! Hila basi, uongo basi. Mtu akisema kweli dunia nzima inamwendea sawa, na sijui kwa nini watu hawaambiwi jambo hili mapema.

Nikanywa chai. Nikafikiria Jumapili ijayo. Kikombe kikaniganda mkononi. Nani atatubu?

Jana walitubu wote! Wamekwisha! Hakuna aliyebakiwa na kitu. Nimetoka mbio kuulizia. Fundi cherehani wa jirani, nimemuuliza kwa heshima zote kama hana dhambi yoyote iliyobaki. Amenifukuza na mkasi. Mwashi anasema baada ya sukari hajafanya lolote la maana. Mashine amecheka, amesema aliyokuwa nayo ni ile moja tu, na sasa analala vizuri kwa mara ya kwanza. Mchungaji nimemgusia kwa mbali, akaniuliza kama najisikia vizuri. Dada sikumuuliza. Dada hana, na angekuwa nayo asingeitoa.

Nimekaa mezani nikajikagua mwenyewe. Zangu nzuri zote nimezitumia jana. Zilizobaki ni kuguna, kuchelewa, na kuipapasa mashine ya watu. Kwa hizo nani atalia? Jumapili itakuwa kavu. Ya pili itakuwa kavu. Mzee Fundi Saa atapanda ngazi na chokaa yake, Baba atafutika kuanzia juu kushuka, na mimi nimekaa benchini nimetulia na ukweli wangu.

Haiwezekani.

Mchana nimekwenda kanisani peke yangu, nikasogea mpaka pua ikagusa ukuta. Nimeisoma ya tisa mara tatu, herufi kwa herufi, kama alivyoiandika Baba mwenyewe. Usiseme uongo juu ya jirani yako. Ya jirani! Juu yangu mimi mwenyewe haikukataza hata neno moja.

Nimeamua kwamba zamani niliiba mbuzi. Wawili, mmoja ana mimba. Dada ananiuliza kutoka jikoni kwa nini nalia peke yangu chumbani, nikamjibu nafanya mazoezi.